Makabidhiano ya Saa Nane

Dada yangu Inshirah aliishi na rovu lake kama mtu anavyoishi na jirani mkorofi: analalamika kila siku, lakini hahami. Lilimwanza tukiwa wasichana, kivimbe kidogo chini ya koo ambacho mama alikifunika kwa mtandio. Alipoolewa likawa kama yai la bata. Alipozaa mtoto wa nne likaanza kumbana akilala chali, na mumewe akawa na kazi ya kumgeuza ubavu. Miaka yote hiyo nilimsihi akatwe, akakataa. Alikubali siku alipokuwa akimgombeza mwanamke wa nyumba ya pili, ambaye bata wake waliingia kwenye mboga zetu, na pumzi ikamkatika katikati ya tusi. Yule mwanamke akasimama pale na fimbo yake, anangoja limaliziwe, na halikumaliziwa.

"Tahani," dada akaniambia jioni ile, "hili sasa limeniaibisha mbele za watu. Nipeleke mjini."

Basi tukavuka mto mpaka Minya na vifurushi vyetu. Mumewe alikuwa kwenye miwa, watoto ni wanaume watupu, kwa hiyo wa kukaa naye hospitali alikuwa ni mimi. Mimi ni mjane, mama yake Hazim, nashona nguo za wanawake, na cherehani yangu hainung'uniki nikiiacha.

Wodi ya upasuaji ya wanawake ilikuwa na vitanda sita na watu kama ishirini, maana kila mgonjwa alikuja na mama, binti, wifi na sufuria. Muuguzi wa zamu ya asubuhi alikuwa msichana mwembamba, Sista Irini, mwenye msalaba mdogo wa wino kwenye kifundo cha mkono. Nilimpenda mara moja. Alikuwa mwepesi wa mikono na mwepesi wa kucheka, na alipomfunga dada yangu nywele kabla ya kumpeleka kukatwa, alimfunga kama anayempeleka harusini.

Walimrudisha kabla ya adhuhuri, macho mekundu, bandeji nyeupe shingoni, na mpira mwembamba uliotoka chini ya bandeji ukaingia kwenye kichupa kando ya kitanda. Damu kidogo ilikuwa inatiririka humo. Sista Irini alinieleza kwamba ndivyo inavyotakiwa, ni damu ya kidonda, bora itoke nje kuliko ikae ndani. Kisha akaleta sinia dogo lililofunikwa kwa kitambaa cha kijani akaliweka kwenye kabati la kichwani.

"Hilo ni la nini?" nikamuuliza.

"Mkasi na vitu vingine. Sista Rawya anataka liwepo kila anapopasuliwa mtu shingo. Usiliguse, Mama Hazim, hata kulipangusa vumbi."

"Nani Sista Rawya?"

Irini akacheka. "Utamjua. Anaingia saa nane. Ukimsikia, usiogope."

Mchana ule dada yangu hakutulia. Nikimlaza anainuka. Nikamwekea mito mitatu mgongoni, akataka wa nne. Kila mara mkono ulikwenda shingoni, na nikamwambia aache, asije akafungua kidonda. Alikuwa anatema mate kwenye taulo, nikadhani ni dawa ya usingizi bado inamchafua roho. Sista Irini alikuja, akampima presha, akambana kidole kwa kile kibanio chenye taa nyekundu kinachopima oksijeni, akatazama kichupa, akaniambia kwa furaha kwamba damu imekoma. Akamchoma sindano ya maumivu. Nikampigia shemeji simu huko shambani, nikamwambia asiwe na wasiwasi, damu imekoma, tumshukuru Mungu.

Kabla ya saa nane gari la wauguzi likafika chini. Ni gari dogo linalowapeleka wale wa vijiji vya mashariki, na dereva wake ni mtu asiye na subira. Anapiga honi kama anayefukuza mbuzi barabarani. Anayelikosa anahangaika mpaka jioni kupata usafiri. Niliona Irini anavaa saa yake, anakusanya mkoba, anakuja mlangoni, na hapo ndipo Sista Rawya alipoingia.

Alikuwa mwanamke mpana wa miaka hamsini hivi, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo, viatu vya raba. Wodi nzima ilijinyoosha. Bibi mmoja aliyekuwa akivuta sigara dirishani aliizima kwenye gamba la chungwa.

"Amani iwe juu yenu, enyi mabibi warembo," akasema. "Irini, mwanangu, tuanze."

Wauguzi wengine niliowahi kuwaona, katika hospitali nyingine nilikomuuguza marehemu mume wangu, walikabidhiana zamu mezani. Mmoja anasoma, mwingine anaitikia huku anafunga kilemba, kwisha. Sista Rawya hakukaribia meza. Alikwenda moja kwa moja kwenye kitanda cha kwanza akasimama miguuni, ikambidi Irini amfuate, na honi inalia chini.

Kitanda cha kwanza alikuwa Hajjat Wasfiyya, mwenye sukari na kidonda cha mguu. Irini akasema amechomwa sindano yake ya sukari na amekula.

"Umemwona akila?"

"Sahani yake ni tupu, Sista."

Sista Rawya hakutazama sahani. Alimtazama mkamwana wa Hajjat, aliyeketi kwenye kona, ambaye mashavu yake yalikuwa bado yanafanya kazi.

"Na wewe, kipenzi, kuku alikuwa na chumvi ya kutosha?"

Wodi ikaangua kicheko. Hajjat Wasfiyya akafunika uso kwa shuka. "Ana mimba, Sista, nifanyeje? Akinyimwa anachokitamani, atazaa mtoto mwenye alama ya kuku!"

"Atazaa mtoto asiye na bibi. Sindano ya sukari bila chakula, Hajjat, utazimia hapa hapa sote tukidhani umelala." Akageuka kwa Irini, wala hakumkemea. "Sahani tupu inatwambia chakula kimekwenda. Haitwambii kimekwenda wapi. Mletee maziwa na mkate, nami nitampima sasa hivi."

Mimi nilicheka pamoja na wengine. Lakini walipofika kwetu nilikuwa nimechoka, na dada yangu amekaa wima amefumba macho, na sikutaka maigizo juu ya kitanda chake.

"Inshirah," Irini akasema haraka. "Ametolewa tezi la shingo asubuhi na Daktari Wagdi. Karudi akiwa macho. Presha nzuri, oksijeni nzuri, bandeji kavu, damu imekoma kwenye mpira. Alikuwa na maumivu, nimemchoma sindano. Yuko sawa."

"Umesema vizuri. Sasa niambie kinachokutia wasiwasi."

"Hakuna, Sista."

Honi ikalia chini, ndefu.

"Ngoja," Sista Rawya akasema. "Umefika nyumbani, umevua viatu, umeweka maji ya chai. Simu inalia. Unaambiwa mgonjwa wako mmoja amezidiwa. Kabla hawajataja jina, wewe unadhani ni nani?"

Macho ya Irini yakazunguka vitanda vyote sita, kisha yakarudi kwetu, yakabaki.

"Ni huyu," akasema.

"Kwa nini?"

"Sijui, Sista. Haki ya Mungu sijui."

"Sijui si neno baya. Tuanzie hapo."

Mimi hasira ikanipanda. Nikasimama. "Samahani, Sista. Huyu mtu amekatwa leo leo, ana maumivu, na nyinyi mnafanyiana mtihani wa shule juu ya kichwa chake. Mwacheni apumzike!"

Alinitazama bila kukunja uso. "Una haki, dada yangu. Nipe muda mfupi tu, kama wa kunywa kikombe kimoja cha chai, kisha unifukuze." Akamgeukia Irini. "Mapigo ya moyo?"

"Yamepanda. Nilidhani ni maumivu."

"Ukamchoma. Baada ya sindano?"

"Nimempima tena sasa hivi. Yamepanda zaidi."

"Maumivu yako wapi? Amesema nini, kwa maneno yake mwenyewe?"

Nakumbuka Irini alivyoshusha mkoba wake sakafuni, polepole, kama mtu aliyesahau kwamba anaondoka.

"Hakusema maumivu," akasema. "Mimi ndiye niliyeita maumivu. Yeye alisema inabana. Alisema kama mtu amemfunga kola ya shati."

"Na hajavaa shati."

"Hajavaa."

Sista Rawya alikwisha vaa miwani. Alipita upande wa pili wa kitanda, akampapasa dada yangu shingo kwa ncha za vidole, akaingiza mkono wake nyuma, kati ya shingo na mto, akautoa akautazama. Mkavu. Akanyanyua kichupa juu, kwenye mwanga wa dirisha.

"Damu ilikoma vipi?"

"Ilikoma tu, Sista. Nilifurahi."

"Ilipungua pungua, au?"

"Hapana. Nilipopita mara ya kwanza ilikuwa inashuka vizuri. Nilipopita tena, hakuna hata tone." Irini alikuwa anatazama kichupa kama hajakiona maisha yake. Rangi ya uso wake ikabadilika. "Sista. Kidonda kikikauka, damu inapungua kidogo kidogo. Haikatiki hivyo. Huo mpira umeziba. Damu bado inatoka, ila inakaa ndani, na ndiyo inayombana."

Chini, honi ilikuwa imenyamaza.

"Lakini oksijeni ni nzuri," Irini akaongeza, kama anayejisihi mwenyewe.

"Itakuwa nzuri mpaka dakika ya mwisho. Hatuingoji." Sista Rawya akanigeukia mimi. "Wewe ni dada yake?"

"Ndiyo."

"Hii ndiyo sauti yake? Sisi hatujui, tumemjua jana."

Ndipo nikatambua kwamba tangu adhuhuri dada yangu alikuwa ananinong'oneza. Nilidhani anajihurumia koo. "Sista," nikasema, "huyu akiita kuku wetu, wanakuja wa kijiji cha pili."

"Mwambie akuite jina."

"Inshirah, niite."

Alifumbua macho. Alijaribu. Kilichotoka kilikuwa kama sauti ya mtu aliyetumbukia kwenye mtungi, nusu ya jina langu, kisha mate yakamjaa mdomoni akayatema kwenye taulo.

"Anatema tangu lini?"

"Tangu adhuhuri," nikasema. "Nilidhani ni kichefuchefu. Hamezi. Sista, hajameza kitu tangu adhuhuri!"

Kila mmoja wetu alikuwa amebeba kipande chake cha habari, na peke yake hakikuwa na maana. Irini alikuwa na kichupa na ile kola ya shati, mimi nilikuwa na taulo na mito minne. Yule mwanamke alituuliza tu mpaka vipande vikakaa pamoja juu ya shuka mbele yetu.

"Irini," akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "Daktari Wagdi yuko chumba cha upasuaji. Utamwambia nini?"

Sio "kamwite". Alimwuliza atasema nini. Na yule msichana akasema kwa mfululizo mmoja: "Inshirah, tezi la shingo la asubuhi. Damu inajikusanya shingoni, mpira umeziba, mapigo yanapanda, sauti imebadilika, hamezi mate. Anahitaji kufunguliwa nyuzi hapa hapa kitandani, sasa hivi."

"Kimbia."

Akakimbia. Sista Rawya akainua kichwa cha kitanda mpaka juu, akamvisha dada yangu kifuniko cha oksijeni usoni, akaanza kufungua ile bandeji. Ilikuwa safi kabisa, nyeupe kama ilivyofungwa. Chini yake niliona shingo ya dada yangu imejaa, ngozi imevutika na kung'aa, na nyuzi zimekaza kama kushona kwa fundi aliyebania kitambaa. Mimi nashona; najua mshono unaotaka kupasuka ulivyo.

"Nitazame mimi, Inshirah," akamwambia. "Usitazame kitu kingine. Vuta pumzi polepole, kama unanusa mkate unatoka tanuri. Hivyo. Wewe, dada mtu, mshike mkono wa kulia. Kulia utalia baadaye, nitakupa na kiti."

Alikwisha funua lile sinia la kitambaa cha kijani. Pumzi ya dada yangu ilianza kupiga mluzi. Ulikuwa mluzi mwembamba, kila anapovuta, na kila mara ukawa mwembamba zaidi. Kucha zake ziliingia kwenye kiganja changu. Hajjat Wasfiyya kule kwenye kitanda chake alianza kusoma Kurani kwa sauti, na mama wa kitanda cha tano, Mkristo, akawa anamwita Bikira Maria, na hakuna aliyemnyamazisha mwenzake.

Daktari Wagdi aliingia na viatu vya chumba cha upasuaji, glavu mikononi, Irini nyuma yake. Nilitegemea atauliza, maana madaktari huuliza. Hakuuliza kitu. Aliitazama shingo, akanyoosha mkono, akasema neno moja, "Mkasi," na mkasi ulikuwa tayari kwenye kiganja chake kabla hajalimaliza.

Alikata nyuzi. Akaingiza kidole, akafungua zile za ndani. Likatoka donge jeusi, kubwa, linateleza kama ini la kondoo, kisha damu nyekundu ikafuata, na dada yangu akavuta pumzi. Ilikuwa pumzi ndefu, pana, yenye kelele, ya mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji. Sijawahi kusikia sauti nzuri kuliko ile, na nimesikia watoto wangu watatu wakizaliwa.

Wakamsukuma na kitanda chake mbio, daktari amebana kidonda kwa shashi, Irini ameshika oksijeni. Milango ikafungwa. Sista Rawya alibaki wodini. Alinisukumia kiti.

"Sasa lia," akasema, akaenda kumpima sukari Hajjat Wasfiyya.

Jua lilikuwa halijashuka waliponiambia kwamba wameupata ule mshipa mdogo uliokuwa ukivuja, wameufunga, na dada yangu yuko salama. Nilikwenda kwenye korido kutafuta maji ya kunawa uso. Huko nikamkuta Irini amekaa kwenye benchi, analia kwa kwikwi, na Sista Rawya amekaa kando yake anamenya chungwa. Sikukusudia kusikiliza, lakini masikio hayana mlango.

"Ningepanda gari, Sista. Nilikuwa mlangoni."

"Lakini hukupanda."

"Kwa sababu ulinishika."

"Nilikuuliza. Kujibu ulijibu wewe." Akampa kipande cha chungwa. "Sikiliza, mwanangu. Mimi nilikuwa natoka nyumbani kwangu, nimepika bamia, nimegombana na mwenye teksi. Nitajua nini juu ya mama huyu? Kila kitu kilikuwa kichwani mwako. Ulikiona, ulikipima, ulikisikia. Kilikuwa hakijakaa pamoja tu, kwa sababu tangu alfajiri una watu sita na jamaa zao ishirini, na hujapata nafasi ya kukaa ukafikiri. Makabidhiano ndiyo nafasi yenyewe. Ndiyo maana siyafanyi mezani."

"Nilisema yuko sawa."

"Ulisema. Kisha ukasema si sawa, mbele ya watu, na gari linakungoja. Wangapi wanaweza?" Akala kipande chake mwenyewe. "Na nikwambie jambo. Lile la mpira kuziba, mimi sikuwa nimelifikia. Nilikuwa bado kwenye mapigo ya moyo. Umenitangulia."

Irini akainua uso, pua nyekundu. "Unaniongopea unifurahishe."

"Mimi? Muulize marehemu mama mkwe wangu kama nilishawahi kumfurahisha mtu kwa uongo."

Kicheko kikamtoka yule msichana katikati ya machozi, nami nikarudi nyuma kimyakimya, nisiwaharibie.

Jioni Daktari Wagdi alipita. Nilimshika mkono, nikaanza kumwombea dua yeye na ukoo wake wote, na yeye, mtu mrefu mwenye aibu, akajaribu kuuvuta mkono wake bila kunivunjia heshima. "Mama," akasema, "nimekata nyuzi tu. Nilikuwa nimeshanawa kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Yule binti angeniambia 'kuna mama hajisikii vizuri', ningesema nakuja, ningemaliza kwanza. Aliniambia maneno yaliyofanya miguu yangu iondoke kabla yangu."

Nilikwenda pia kwa Sista Rawya, nikamwambia anisamehe nilivyomfokea. Akanipungia mkono. "Ulinisaidia. Mtu anayefoka kwa ajili ya mgonjwa wake anamjua mgonjwa wake. Ndipo nilipojua kwamba wewe ni wa kuulizwa."

Tulikaa siku kadhaa zaidi, na nikiri kwamba nilianza kuyangoja yale makabidhiano kama wengine wanavyongoja mchezo wa redioni. Wodi nzima tulikuwa hivyo. Mama wa kitanda cha tano alizima simu ikifika saa nane. Tulijifunza kutoingilia ila tukiulizwa, na tukiulizwa tulijua kujibu: amekojoa lini, amekataa nini, amelala upande gani. Hajjat Wasfiyya alikula kuku wake wote hadharani, kwa mashahidi, mkamwana wake akimeza mate.

Siku moja zamu zilikuwa zimegeuka. Sista Rawya ndiye aliyekuwa zamu ya asubuhi na Irini ndiye aliyeingia saa nane. Walifika kwa msichana aliyetolewa kidole tumbo, na Sista Rawya, ambaye siku hiyo alikuwa na mafua na hamu ya kitanda chake, akasema, "Huyu kijana, mzima, hana neno."

Irini akatazama chini. Akakohoa kidogo. "Na kinachokutia wasiwasi, Sista?"

Hajjat Wasfiyya akapiga kigelegele, na kila mtu akaanguka kwa kicheko, Sista Rawya mwenyewe akiwa wa kwanza, akijifuta macho kwa pindo la koti. Lakini alipomaliza kucheka hakuondoka. Alisimama akamtazama yule msichana kwa muda, akafikiri kweli kweli, si kwa kuigiza.

"Mama yake," akasema mwishowe. "Hajaja tangu juzi, na binti hataki kusema kwa nini. Halali vizuri. Si kidonda, kidonda ni safi. Lakini mtu asiyelala hapati nguvu. Kaa naye."

"Nitakaa naye," Irini akasema.

Siku ya kuruhusiwa, Sista Rawya alinikabidhi dada yangu kama anavyomkabidhi muuguzi mwenzake. Alinieleza kwamba tezi likitolewa huenda midomo na ncha za vidole zikawasha kama zimetembelewa na sisimizi, na kwamba nikiona hivyo nisingoje kesho wala nisimpe limau na kumwambia apumzike; nimlete. Akanitaka nirudie yote kwa maneno yangu. Nikarudia. Inshirah, sauti bado inakwaruza kama mlango wa ghala, akasema, "Na mimi je, mnanipokezana kama kikapu cha mayai?"

"Kikapu cha mayai kingekuwa na shukrani," nikamwambia.

Sisimizi hawakuja. Wiki ya pili tulirudi kwa daktari kuonyesha kidonda, na tukabeba shukrani kwa mtindo wetu: mkate wa matabaka uliopakwa samli, ukubwa wa gurudumu, umetoka tanuri kabla tu hatujaondoka, na bakuli la asali nyeusi ya miwa ya shemeji. Tulivuka mto tumeufunga kwa mashuka mawili usipoe. Daktari Wagdi akatuchelewesha, kwa hiyo tulipanda ngazi za wodi ikiwa ni saa nane kamili.

Mlango ulikuwa wazi. Tuliwaona miguuni pa kitanda kile kile alichokuwa amelala dada yangu, Irini na Rawya, na muuguzi mpya ambaye hatukumjua, msichana mdogo wa kutoka chuo, amekumbatia ubao wake kifuani. Kitandani alikuwa mwanamke mzee aliyelala ubavu. Wote watatu walikuwa wameinama kidogo kumwelekea, na yule mpya alikuwa akisema kitu kwa kusitasita, na wenzake hawakumkatiza.

Inshirah alitaka kuingia. Mikono yake ilikuwa imechoka kubeba sinia la mkate, na hajawahi kusubiri mlangoni maishani mwake. "Mkate unapoa," akanong'ona.

"Upoe," nikamwambia, nikamshika mkono wa gauni.

Tukasimama koridoni, harufu ya samli imejaa mpaka kwenye ngazi, watu wanapita wanatutazama. Ndani, yule msichana alinyamaza, akafikiri, akaanza tena kusema. Chini gari likapiga honi. Hakuna kati yao aliyegeuza kichwa.